Kabla ya kumkabidhi saa ya ukutani

Mtumishi wa umma anapostaafu kwetu, utaratibu unajulikana. Ukumbi unapambwa, mwenza wake anaalikwa, risala inasomwa, na zawadi inafunguliwa mbele za watu: saa ya ukutani, friji, au mabati ya nyumba ambayo bado iko kwenye lenta. Mkurugenzi anasimama na kusema kwamba mwenzetu alikuwa mchapakazi. Watu wanalishana keki, picha inapigwa, na Jumatatu kiti chake kinakaliwa na mtu asiyejua hata funguo za kabati ziko wapi.

Hatuna ugomvi na keki. Ugomvi wetu ni na hilo neno "mchapakazi", kwa sababu halisemi kazi yenyewe ilimfikia nani. Kasoro hiyo haionekani wazi popote kama pale anapoagwa mtu aliyehudumia wanajeshi wastaafu. (Tunasema wanajeshi wastaafu kwa makusudi. Veterani, kwetu, ni mzee mwenye kitambi anayecheza mpira Jumapili asubuhi.)

Tumchukue mmoja ambaye kumbukumbu zake ziko wazi. G. V. Montgomery, ambaye Wamarekani wengi walimwita Sonny, alizaliwa mwaka 1920 katika mji wa Meridian, jimbo la Mississippi. Alipigana Ulaya katika Vita Kuu ya Pili, akaitwa tena jeshini wakati wa vita vya Korea, na katika jeshi la akiba la jimbo lake alifikia cheo cha meja jenerali. Aliingia bungeni Washington Januari 1967 na kutoka Januari 1997, miaka 30 kamili. Kuanzia 1981 aliongoza kamati ya Baraza la Wawakilishi inayoshughulikia wanajeshi wastaafu, mpaka chama chake kilipopoteza wingi wa viti.

Alikuta nini? Sheria ya 1944, ile aliyoisaini Rais Roosevelt, ilikuwa imewapeleka vyuoni askari zaidi ya milioni 2 waliorudi vitani. Lakini vijana waliojiunga na jeshi baada ya mwaka 1976 walikuta mlango ule umefungwa, na mpango uliowekwa badala yake ulikuwa finyu hata vijana wenyewe hawakuuchangamkia. Vietnam ilikuwa imewachosha Wamarekani, na aliyevaa gwanda hakuwa na wa kumsemea.

Montgomery akaleta hesabu inayoeleweka hata na koplo. Kijana alipoingia jeshini, akikubali, mshahara wake ulikatwa dola 100 kila mwezi kwa miezi 12: jumla dola 1,200, na hazikurudishwa. Alipomaliza utumishi wake kwa heshima, alilipwa dola 300 kila mwezi akiwa chuoni, kwa miezi 36. Piga mwenyewe: ni dola 10,800, mara tisa ya alichokatwa. Wale wa jeshi la akiba nao wakapewa fungu lao, jambo ambalo mbunge huyu alilishikia bango kwa kuwa alitoka huko. Mpango ulianza Julai 1, 1985, kwa majaribio. Mwaka 1987 ukawa wa kudumu, na ukaitwa kwa jina lake.

Hakuishia hapo. Ofisi ya wanajeshi wastaafu ilikuwa idara tu, na mkuu wake hakuwa na kiti cha kudumu mezani kwa rais. Mwaka 1988 Rais Reagan alisaini sheria ya kuifanya wizara kamili, ikaanza kazi Machi 15, 1989. Montgomery alikuwa miongoni mwa waliolisukuma jambo hilo. Anayedhani tofauti ya idara na wizara ni ukubwa wa gari la bosi hajawahi kukaa kwenye kikao cha bajeti.

Sasa upande ambao risala zetu huuruka. Askari waliorudi Vietnam na miili iliyoharibika walidai kwamba chanzo ni Agent Orange, dawa iliyomwagwa na ndege kuua majani ya misitu. Kwa miaka mingi Montgomery aliwajibu kwamba sayansi haijathibitisha, na madai yao yakasota mikononi mwa kamati yake. Sheria ya kuwafidia ilipita mwaka 1991 tu. Vilevile alipinga kwa muda mrefu wastaafu kuruhusiwa kwenda mahakamani pale serikali inapowanyima mafao. Hilo nalo lilikuja kupatikana mwaka 1988 baada ya mvutano. Mwishoni mwa 1992 mbunge kijana zaidi, Lane Evans, aliyekuwa askari wa majini wakati wa vita vya Vietnam, alitaka kumng'oa kwenye uenyekiti. Mzee aliponea kwa kura chache.

Tunayataja haya kwa heshima. Mtu aliyetumikia miaka 30 anastahili kuelezwa alivyo, na waliosubiri mlangoni kwake wanastahili kusikika siku hiyo hiyo anayoagwa. Tukiyaweka yote kwenye mizani, maoni yetu ni kwamba Montgomery alikuwa mtumishi mwema, na sababu ni moja: alipoondoka, kijana wa jeshi hakuhitaji kumjua yeye wala mpwa wake ili alipiwe chuo. Alihitaji fomu tu. Wamo hata watoto wa Kenya, Tanzania na Kongo waliojiunga na jeshi la Marekani wakiwa na kadi ya kijani, wakasomea uuguzi na uhandisi kwa haki zilizopitia mlango huo.

Kwetu mambo yamekwenda vingine, na si tangu jana. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa Kiafrika waliokuwa wameipigania huku Afrika Mashariki katika vita vya 1914 hadi 1918. Inasimuliwa kwamba karani wa benki alifika Mwanza na fedha, wakajitokeza wazee wapatao 350. Wachache tu walikuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya gwanda kuukuu, na wengine mikono mitupu. Karani akampa kila mmoja ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki. Hakuna aliyeshindwa.

Watu huisimulia hadithi hiyo wakicheka. Sisi tunamfikiria yule mzee anayebeba ufagio begani, miaka 46 baada ya vita, kwa sababu hakuna ofisi iliyotunza jina lake. Ndugu zao wa KAR (King's African Rifles), waliokwenda mpaka Burma kwa ajili ya Mwingereza katika Vita Kuu ya Pili, hawakupata hata karani mwenye ufagio. Malipo yao ya kuachishwa jeshi yalipangwa kwa rangi ya ngozi, na mpaka mwaka 2018 Uingereza ilikuwa ikitangaza msaada ili askari wake wa zamani wa makoloni, waliokwisha kuwa vikongwe, wapate angalau milo miwili kwa siku.

Kwa hiyo tuna ombi kwa wakuu wa ofisi zinazohudumia wanajeshi wastaafu, wajane wao na yatima wao. Afisa wenu akibakiza miezi sita, mpeni mrithi wake akae naye meza moja. Amwonyeshe jalada lipi limekwama na kwa nini, mjane yupi anasafiri siku nzima kufuata saini, na jina la nani liliandikwa herufi moja pungufu mpaka mafao yakazuiwa. Hayo yaandikwe, yasibaki kichwani mwa mtu anayeondoka.

Na siku ya hafla, fungeni saa yenu ya ukutani kwa karatasi nzuri mnavyopenda. Ila mwalikeni mzee mmoja aliyehudumiwa na huyo anayeagwa, na mmoja ambaye shauri lake halikumalizika. Wapeni kipaza sauti kabla ya mkurugenzi.