Fedha za Kuzuia Ukatili Zinahitaji Mwenyewe

Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua awamu ya pili ya Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, MTAKUWWA, utakaotekelezwa hadi mwaka wa fedha 2028/29. Awamu ya kwanza ilizinduliwa Desemba 2016 na ikaunganisha mipango kazi minane iliyokuwa ikitekelezwa kila mmoja kivyake. Kwa upande wa sera, hatuna la kulalamikia. Kamati zimeundwa kuanzia ngazi ya Taifa hadi kijiji na mtaa. Madawati ya Jinsia na Watoto yapo katika vituo vya polisi mikoa yote, na namba 116 inapokea simu za watoto bila malipo. Swali tunalolikwepa ni la fedha. Fedha za kuzuia ukatili zinakaa wapi katika bajeti, nani anazitoa, na nani anahojiwa zisipotoka?

Nalihoji hili kwa sababu hali inaonyesha kuwa ukatili unapungua pale jamii inapoamua. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009, matokeo yake yakatolewa 2011, ulitushtua wengi: karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takribani robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwili utotoni. Kwa upande wa wanawake, Utafiti wa Hali ya Uzazi na Afya wa 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 40 ya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Katika utafiti kama huo wa 2022, kiwango kilikuwa asilimia 27. Hayo ni mafanikio. Lakini mwanamke mmoja kati ya wanne bado ni wengi mno, na awamu ya kwanza ilijiwekea lengo la kupunguza ukatili huo kwa nusu.

Tatizo linaanzia kwenye muundo wa bajeti yenyewe. Bunge hupitisha fedha kwa mafungu, na kila fungu lina afisa masuuli wake. Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum ina fungu lake. Polisi wana lao, Mahakama ina lake, na ndivyo ilivyo kwa Afya, Elimu na TAMISEMI. MTAKUWWA unazigusa taasisi zote hizi lakini wenyewe hauna fungu. Wizara inayoratibu haina mamlaka juu ya matumizi ya polisi wala ya halmashauri. Inaweza kuandika barua, kuitisha kikao na kukumbusha. Waziri wa Fedha akiulizwa leo Serikali ilitumia kiasi gani mwaka jana kuzuia ukatili, itabidi wataalamu wake wapekue vitabu vya bajeti vya wizara nyingi na halmashauri 184, wakikisia njiani ni kipi cha kuhesabu na kipi cha kuacha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa hata wizi hauhitajiki ili fedha zipotee. Inatosha zisiwe na mahali pa kuandikwa.

Shuka sasa hadi kwenye halmashauri. Mpango wa idara ya maendeleo ya jamii au kitengo cha ustawi wa jamii huwa na shughuli zinazoandikwa kwa mtindo huu: kuwezesha vikao vya robo mwaka vya kamati ya MTAKUWWA, kuadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika, kuadhimisha Siku 16 za Kupinga Ukatili. Kiasi kilichotengwa huwa kidogo, na chanzo ni mapato ya ndani. Mapato yakidorora robo ya kwanza, mkurugenzi na mweka hazina wanaanza na yale yasiyosubiri: mafuta ya magari, posho za madiwani, umeme na maji ya ofisi, mchango kwenye ujenzi wa madarasa. Kikao cha kamati kinasogezwa mbele. Robo ya pili kinasogezwa tena. Mwezi Juni taarifa ya mwaka inaandikwa kuwa shughuli haikutekelezwa kwa sababu ya ufinyu wa fedha, na hakuna anayehojiwa.

Gharama ya ufinyu huo inamwangukia mtu. Chukua shauri la kawaida kabisa, la mtoto wa shule ya msingi aliyebakwa katika kijiji kilicho mbali na makao makuu ya wilaya. Mzazi anapaswa kufika polisi kuchukua fomu ya PF3, kisha hospitali, na mara nyingi vituo hivyo viwili haviko mahali pamoja. Nauli ni yake. Afisa ustawi wa jamii anahudumia kata kadhaa na hana pikipiki wala mafuta, hivyo taarifa ya hali ya familia inachelewa. Mpelelezi anangoja usafiri wa kwenda eneo la tukio. Kesi ikifika mahakamani, mashahidi wanatakiwa kusafiri mara mbili, mara tatu, huku ndugu wa mtuhumiwa wakibisha hodi usiku na ahadi ya ng'ombe au shilingi ili mambo yamalizwe nyumbani. Tangu 1998 sheria yetu ya makosa ya kujamiiana inatoa adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kosa hilo. Hata hivyo, kesi inakufa mikononi mwa watu waliokosa nauli.

Na hilo ni shauri baada ya tukio. Kazi ya kuzuia, ile ya kuhakikisha mtoto yule hafiki PF3 kabisa, ina mtetezi dhaifu zaidi kwenye meza ya bajeti. Polisi wanaweza kuonyesha majalada waliyofungua. Hospitali itaonyesha wagonjwa. Anayezuia hana cha kuonyesha ila tukio ambalo halikutokea. Ndiyo maana kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi hii iliachiwa wafadhili. Mafunzo ya wazazi, vikundi vya wasichana balehe, usafiri wa maafisa ustawi, hata samani za baadhi ya vituo vya Mkono kwa Mkono vinavyohudumia waathirika wa ukatili, vililipiwa na miradi. Januari 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika mengi yaliyotegemea fedha hizo yalisimamisha kazi ndani ya siku chache tu. Nawashukuru waliotusaidia. Lakini usalama wa mtoto wa Tanzania hauwezi kutegemea saini ya rais wa nchi nyingine.

Wapo wanaosema nchi bado ina mzigo mzito wa barabara, madawati na dawa, na kwamba kuzuia ukatili ni suala la maadili, halihitaji fedha. Nawaelewa, ila hesabu zao hazijakamilika. Gharama ya ukatili tunailipa tayari. Tunailipa wodini, mahabusu, kwa binti aliyeacha shule, kwa mama anayeshindwa kwenda shamba wiki nzima. Benki ya Dunia imekadiria kuwa katika baadhi ya nchi ukatili dhidi ya wanawake hugharimu hadi asilimia 3.7 ya pato la taifa. Fedha hizo zinatoka. Tofauti ni kwamba zinatoka baada ya mtu kuumia.

Hoja nzito zaidi ni ya wale wanaohofia kuwa fedha zikiongezwa zitaishia kwenye semina. Hofu hii ina msingi. Tumeona maadhimisho yenye fulana, mabango na turubai, kisha mwaka mzima wa ukimya. Jibu lake ni kuuliza nini hasa kinafanya kazi, na majibu tunayo jirani. Jijini Kampala, shirika la Raising Voices lilibuni mbinu ya SASA!, ambayo kwayo wanajamii wenyewe, mtaa kwa mtaa, wanajadiliana kwa miaka kuhusu matumizi ya nguvu ndani ya nyumba. Utafiti uliofanyika kati ya 2007 na 2012 uliona kuwa katika maeneo yaliyofikiwa, ukatili wa kimwili wa wenza katika mwaka uliotangulia ulikuwa chini kwa asilimia 52 kuliko maeneo ambayo hayakufikiwa. Hapa kwetu Mwanza, utafiti wa MAISHA uliwapa wanawake waliokuwa tayari kwenye vikundi vya mikopo mafunzo ya vipindi 10 kuhusu mahusiano na haki zao. Ukatili wa kimwili dhidi yao ulikuwa mdogo kuliko kwa wanawake wa vikundi vya mikopo ambao hawakupata mafunzo. Mafunzo hayohayo yalipotolewa kwa wanawake wasiokuwa kwenye vikundi vya mikopo, ukatili wa kimwili na wa kingono haukuonekana kupungua.

Hili la Mwanza lingepaswa kujadiliwa katika kila baraza la madiwani. Kisheria kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa Aprili 2023 baada ya ukaguzi kufichua mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi hewa, kisha ukarejeshwa 2024 kwa taratibu mpya. Vikundi vipo, orodha zipo, maafisa maendeleo ya jamii tayari wanakutana na wanachama kabla ya kuwakopesha. Kuongeza vipindi vya mafunzo ya kuzuia ukatili juu ya mfumo huo ni gharama ndogo kuliko kuanzisha mradi mpya wenye ofisi na magari yake.

Lakini mbinu nzuri bila fedha zenye mwenyewe itarudi palepale pa ufinyu wa bajeti. Na hapa hatuhitaji kubuni kitu kigeni, kwa kuwa Serikali yetu imeshawahi kulitatua tatizo la aina hii mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa UKIMWI. Mipango mkakati ya taasisi za umma imekuwa ikianza na Lengo A, la VVU na UKIMWI, hivyo kila taasisi, hata ya ujenzi wa barabara, inalazimika kuonyesha imetenga kiasi gani. Mara ya pili ni kwa lishe. Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alisaini mikataba ya lishe na wakuu wa mikoa. Mwaka 2022, akiwa Rais, alisaini tena. Halmashauri ziliagizwa kutenga shilingi 1,000 kutoka mapato ya ndani kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, na utekelezaji ukawa unapimwa kwa kadi ya alama. Mkuu wa mkoa ambaye halmashauri zake hazikutoa fedha anaonekana mbele ya wenzake. Mikataba hiyo haikumaliza matatizo yote, ila iliipa lishe jina kwenye bajeti na mtu wa kuulizwa.

Ukatili nao upewe mkataba wake. Uwe na kiwango kinachojulikana kwa kila mtoto. Halmashauri yenye watoto 100,000, kwa shilingi 1,000 kila mmoja, ingekuwa na shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa ajili ya mafuta ya afisa ustawi, nauli za mashahidi na vipindi vya mafunzo kwa vikundi. Fedha hizo zipewe kasma inayotambulika kwenye mfumo wa bajeti ili zifuatiliwe kutoka Hazina hadi kijijini, na zilindwe zisihamishiwe shughuli nyingine bila kibali cha baraza. Zitolewe kila robo mwaka, kwa kuwa ukatili hausubiri Juni. Halmashauri maskini zisaidiwe na Serikali Kuu, maana mtoto hakuchagua kuzaliwa wilaya isiyo na ushuru wa mazao wala viwanda.

Kipimo nacho kibadilike. Idadi ya vikao na washiriki haitoshi. Kadi ya alama ihesabu familia zilizomaliza mafunzo ya malezi, muda unaopita kati ya taarifa ya kwanza na mtoto kufika hospitali, na mashauri yaliyofika hukumu bila mashahidi kupotea. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ofisi yake imewekwa na Ibara ya 143 ya Katiba, akifanya ukaguzi wa ufanisi kwa vipimo hivyo, wabunge watakuwa na cha kuhoji. Kwa sasa wanahoji idadi ya madawati ya jinsia na kujibiwa idadi ya madawati.

Kazi ya bajeti ya halmashauri hufanyika mapema. Rasimu kwa kawaida hupitishwa na madiwani mwanzoni mwa mwaka, miezi kadhaa kabla ya Bunge kukaa Dodoma, na maoni ya wananchi yanatakiwa yawe yamekusanywa kabla ya hapo kwenye mikutano ya vijiji na mitaa. Hapo ndipo wewe msomaji una nafasi ambayo waziri hana. Mkutano ujao, baada ya taarifa ya mapato na matumizi kusomwa, simama uwaulize mtendaji na diwani wako maswali matatu: mwaka huu tumetenga shilingi ngapi kuzuia ukatili, zimetoka ngapi, na zimefanya nini? Jibu liandikwe kwenye muhtasari na libandikwe kwenye ubao wa matangazo. Kama jibu ni ufinyu wa bajeti, uliza tena robo inayofuata, na inayofuata, mpaka apatikane mtu wa kujibu.