Mwalimu wa kujitolea ni yupi?

Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu wa isimu kitenzi "kujitolea" wakichambue, nao hukichambua bila taabu. Kiini chake ni toa. Kikitiwa kauli ya kutendea huwa tolea. Kikitanguliwa na kirejeshi ji huwa jitolea. Anayetoa ni yeye, na kinachotolewa ni nafsi yake. Kisha huwaomba wakigeuze kiwe katika kauli ya kutendwa. Hapo hukwama. Hakuna "kujitolewa" katika Kiswahili, wala hakuna awezaye kumjitolesha mwenziwe. Lugha imekwisha kukata shauri kwamba tendo hili ni milki ya mtendaji peke yake.

Nayasema haya kwa sababu jina "mwalimu wa kujitolea" limekuwa likibandikwa watu wasiofanana hata chembe, na katika mchanganyiko huo kuna wanaodhulumiwa.

Tuanze na mgeni. Sisi wa Bondeni hatuwastaajabii wageni. Mji wetu umepokea kila aina. Tumewaona vijana kutoka Ulaya na Marekani wakizuru Fort Jesus na vichochoro vya Mji wa Kale, kisha wakivuka Likoni kwenda Kwale kufundisha kwa majuma matatu au manne. Siwabezi. Wengi wana moyo mwema, na mgeni njoo mwenyeji apone. Ila najiuliza: mtoto wa darasa la pili asiyejua Kiingereza atafundishwa nini, na mtu asiyejua neno la lugha yake, kwa muda wa siku ishirini?

Waliotangulia walikuwa na utaratibu mwingine. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alikaa kwanza akajifunza lugha, na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhyiddin, akamsaidia katika tafsiri yake ya Kitabu cha Mwanzo. Baadaye W. E. Taylor alimtegemea Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, katika kukusanya na kufasiri mashairi ya Muyaka. Dini ya wageni hao haikuwa ya mji huu, na nia zao zina mjadala wake. Hata hivyo walijua kwamba mgeni husoma kabla ya kusomesha. Hata wale wa Peace Corps, waliofanya kazi Kenya tangu miaka ya 1960 hadi shughuli zao ziliposimamishwa mwaka 2014, walifunzwa lugha na desturi kwa miezi kadhaa, kisha wakakaa miaka miwili.

Mimi nami niliwahi kuitwa mwalimu wa kujitolea. Mwaka 2000, nikingoja kuingia chuo kikuu, nilifundisha katika shule moja ya msingi upande wa Kinango. Wazazi walichanga walichoweza: shilingi kidogo, mahindi, mara mojamoja kuku. Wanafunzi wangu walikuwa Waduruma, nami nilitoka mjini na Kimvita changu. Siku moja nilisema "mato", darasa zima likaangua kicheko. Kitabu kilisema "macho", wao kwao walisema "matso", na mwalimu ana "mato" yake! Kutokana na kicheko hicho tukapata somo la mwezi mzima. Tuliandika ubaoni maji na madzi, jina na dzina, jana na dzana, na watoto wakaigundua kanuni wenyewe kabla sijaitaja. Tangu hapo hawakukiogopa tena Kiswahili cha kitabuni, kwa kuwa walikiona kuwa ni ndugu wa lugha ya nyumbani.

Kiangazi kilipozidi darasa lilipungua. Wavulana walifuata ng'ombe mbali, wasichana walikwenda mwendo mrefu kutafuta maji, wakarudi jua limekwisha kupanda. Mama aliyenipa chumba aliniambia, "Mwalimu, mwanangu, usiwapige wanaochelewa, waulize kwanza kama kwao kuna maji." Mgeni wa majuma manne angeandika daftarini mwake kwamba wazazi wa huko hawapendi elimu.

Je, nilijitolea? Naam, na sababu ni moja: niliijua siku ya kuondoka. Nafasi yangu ya masomo ilikuwa ikiningoja. Nilitoa kitu nilichokuwa na uwezo wa kukizuia.

Sasa mtazame mwalimu aliyehitimu, mwenye cheti na watoto, anayesimama mbele ya wanafunzi themanini mwaka wa tano sasa kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Tanzania ilipoondoa ada hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, watoto walifurika shuleni, na wahitimu wasio na ajira wakaingia madarasani kungoja zamu yao. Hao nao huitwa walimu wa kujitolea. Kenya tulifuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, na pengo la walimu likazibwa na walioajiriwa na wazazi. Mwaka 2019 Tume ya Kuwaajiri Walimu ikaanza kuchukua wanagenzi, kwa shilingi 15,000 kwa mwezi katika shule za msingi na 20,000 katika sekondari. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba kuwatumia hivyo walimu waliohitimu na kusajiliwa kulikiuka haki zao. Mahakama, kwa njia yake, ilifikia pale pale ilipofika sarufi.

Najua jibu la wakubwa: hazina haina fedha, na mtoto hawezi kungoja. Yamkini ni kweli. Basi kazi hiyo iitwe ajira ya ujira mdogo, iwe na mkataba, na miaka yake ihesabiwe wakati wa kuajiri. Tanzania ya miaka ya 1970, katika kampeni ya kisomo cha watu wazima, wanakijiji waliojua kusoma waliwafundisha jirani zao, nao wana mashamba yao ya kuwalisha. Hapa Bondeni nawafahamu maalimu wa vyuoni wanaosomesha watoto jioni kwa ada isiyotosha hata nauli, mchana wakiwa na kazi zao. Hao wamejitolea. Aliyekosa kazi amenyimwa, na kumsifu kwa ukarimu ni kumfunga mdomo.

Muhula huu wanafunzi wangu kadhaa wameniomba barua za kuwatambulisha katika shule za Kwale na Kilifi, wakafundishe wakati wa likizo. Nimewaandikia wote. Katika kila barua nimemwomba mwalimu mkuu mambo mawili: mwanafunzi awe chini ya mwalimu wa darasa aliyepo, asipewe nafasi ya mtu anayestahili kuajiriwa, na tarehe ya kuondoka kwake iandikwe kabla hajashika chaki.