Simu ya Nyumbani: Mfikirie Bibi na Mtoto Kwanza

Siku hizi karibu kila mtu mzima ana simu yake ya mkononi, na huenda ukajiuliza simu ya nyumbani ni ya nini tena. Lakini kwa wenzetu wanaolea familia zao Uingereza, simu hiyo bado ina kazi. Mtoto wa miaka saba hana simu yake. Bibi aliyekuja kukaa nanyi hawezi kusoma herufi ndogo za simu ya kisasa. Zipo pia nyumba ambazo ukiingia ndani tu, simu ya mkononi haishiki mtandao.

Mwezi huu basi tuzungumze juu ya simu isiyo na waya, ile inayouzwa ikiwa na mikonga miwili, mitatu au minne, pamoja na mashine ya kupokea ujumbe. Neno letu kubwa ni hili: usiichague kwa sababu inapendeza sebuleni. Mchagulie yule aliye dhaifu kuliko wote nyumbani, tena ufikirie usiku ambao umeme umekatika.

Inavyofanya kazi

Seti moja ina kitako kikuu kimoja. Hicho ndicho kinachounganishwa na laini ya simu na pia na umeme. Mikonga mingine haihitaji laini. Kila mmoja hukaa juu ya chaja yake ndogo, popote penye soketi ya umeme.

Huko Ulaya simu hizi hutumia mfumo uitwao DECT, katika masafa ya 1880 hadi 1900 MHz. Watengenezaji wengi husema mkonga husikika hadi meta 50 ndani ya nyumba na meta 300 nje mahali pa wazi, lakini kuta nene hupunguza umbali huo. Jaribu kila chumba kabla ya kutupa boksi na risiti.

Ndugu aliyeko Marekani akitaka kukutumia seti kama zawadi, mshukuru na umwombe zawadi nyingine. Seti za kule hutumia masafa ya 1920 hadi 1930 MHz, ambayo Ulaya yametengwa kwa simu za mkononi, na chaja zake ni za umeme wa volti 120. Uingereza haziruhusiwi kutumika.

Hesabu mikonga kwa watu

Usihesabu vyumba, hesabu watu na mahali wanapokuwa. Mkonga mmoja ukae karibu na jikoni, mwingine chumbani mwenu, na kama mzee yupo, mmoja uwe kando ya kitanda chake. Kwa kawaida seti ya mitatu kwa pamoja ni nafuu kuliko kununua mmoja na kuongeza mingine baadaye. Ukiongeza mkonga wa kampuni nyingine unaweza kupiga na kupokea, lakini huenda ukashindwa kusikiliza ujumbe wa mashine.

Kwa mzee, tafuta vitufe vikubwa, sauti inayoongezeka vya kutosha, na nafasi ya kuhifadhi namba chache zinazopigwa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Akivaa kifaa cha kumsaidia kusikia, uliza dukani kama simu hiyo inakubaliana nacho. Mpeleke mwenyewe aushike mkonga mkononi. Mikonga mingine ni myembamba mno kwa vidole vyenye baridi yabisi.

Betri ni za kuchaji, aina ya NiMH. Zikichoka baada ya miaka kadhaa, nunua za aina ileile. Kamwe usiweke betri za kawaida za redio, kwa maana zikichajiwa zaweza kuvuja au kupasuka.

Mashine ya ujumbe

Uliza mashine inarekodi kwa dakika ngapi. Nyingine ni dakika 15 tu, nyingine hufika saa nzima. Uliza pia kama ujumbe unaweza kusikilizwa kwenye mkonga wowote au kwenye kitako tu. Kwa mama mwenye mtoto mchanga ghorofani, tofauti hiyo si ndogo.

Kampuni nyingi za simu nazo zina huduma yao ya kuhifadhi ujumbe. Ukiiacha ikiwa imewashwa, yoyote inayoitikia kwanza ndiyo itakayochukua ujumbe, na utahangaika kuutafuta. Chagua moja, nyingine uizime.

Katika salamu utakayorekodi usiseme, "Hatupo nyumbani." Sema, "Kwa sasa hatuwezi kupokea simu, tafadhali acha ujumbe." Mwizi naye hupiga simu. Kama jamaa wengi wanaowapigia ni wa nyumbani, sema kwa Kiswahili na Kiingereza.

Mkubaliane pia na mzee wa nyumba: asifute mtu ujumbe usio wake. Ujumbe wa hospitali au wa shule ukifutwa kwa haraka, lawama huwa nyingi na miadi imekwisha kupita. Daftari na kalamu kando ya kitako huokoa mengi.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo wengi hawaulizi. Kitako cha simu isiyo na waya kinakula umeme. Umeme ukikatika, mikonga yote hunyamaza, hata ile iliyojaa chaji.

Zamani dawa ilikuwa rahisi: uliweka simu moja ya waya, ambayo ilipata nguvu kupitia laini yenyewe. Lakini Uingereza inaondoa laini hizo za zamani, na mwaka 2024 ilitangazwa kwamba kazi hiyo iishe ifikapo mwisho wa Januari 2027. Katika mfumo mpya, simu huchomekwa nyuma ya ruta, kile kisanduku cha intaneti, nacho pia kinahitaji umeme. Kwa siku za kawaida mikonga mingi ni msaada mkubwa hapa, kwa sababu soketi nyingine za simu nyumbani huenda zisifanye kazi tena. Kwa usiku wa giza, sivyo.

Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya huko, inazitaka kampuni zimpe mteja anayetegemea simu ya nyumbani njia ya kuita msaada kwa angalau saa moja umeme ukikatika. Kama kwenu yuko mgonjwa, mzee, au nyumba haishiki mtandao wa mkononi, piga simu kwenye kampuni yako uidai. Wakikupa betri ya kushikilia ruta, kumbuka kwamba kitako chako bado kitakuwa kimezimika, isipokuwa nacho kimeunganishwa na betri. Kwa hiyo simu moja ya waya, ya bei ndogo, ihifadhiwe karibu na ruta. Na kama bibi huvaa kidude cha shingoni cha kuitia msaada, waarifu kampuni ya simu na wenye kidude hicho kabla laini haijabadilishwa.

Kabla ya kulipa, uliza haya

1. Je, mikonga inatosha watu walio mbali na sebule?
2. Je, mzee ameweza kuitumia bila kusaidiwa?
3. Je, inaweza kuzuia namba za wasumbufu na matapeli? Wazee ndio wanaolengwa zaidi.
4. Umeme ukikatika usiku, tutaita msaada kwa njia gani?

Ukifika nyumbani, andika kwa herufi kubwa anwani yenu pamoja na msimbo wa posta, uibandike kando ya kila mkonga. Mfundishe mtoto kubonyeza 999, kusema jina lake, kusoma anwani hiyo, na kutokata simu mpaka aambiwe. Fanyeni zoezi hilo huku mkonga umezimwa, mara mbili au tatu, na bibi naye awepo.