Elfu mbili si pesa, magavana semeni kitu

Wasee, tupige hesabu. Inua Jamii inampa shosho wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30: ni kama bob 66. Hapo atoe unga, mkaa, maji na dawa ya presha. Na mara nyingi hiyo pesa inachelewa, ndio unaskia deni limejaa dukani.

2018 ilipoanza kulipwa kila mzee wa 70, ilikuwa hiyo hiyo 2,000. Mwaka 2022 unga wa kilo mbili ulipita bob 200. Ya shosho imekaa palepale.

Najua mtasema hiyo ni kazi ya serikali ya kitaifa, si kaunti. Sawa. Lakini mgao wa kaunti ukichelewa, si magavana huita wanahabari na kutishia kufunga kazi? Hiyo sauti huenda wapi shosho asipolipwa?

Katiba kifungu cha 43 inasema Serikali itawapa hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Haikusema wapewe ya kushindia tu chai ya rangi.

Na usidhani hii ni stori ya wazee. Pengo la shosho linazibwa na M-Pesa yako, wewe mwenyewe ukitafuta kibarua. 2027 gavana akija kuomba kura mtaani kwenu, usimuulize fulana. Muulize alipigania hiyo 2,000 lini, na wapi.