Sarufi ya Nyumbani na Sarufi ya Wageni

Kijana wa Lushoto akiandika "Father he digs", wenzake humcheka. Haifai kumcheka. Katika Kiswahili husemwa "Baba analima", na ile "a" yamtaja baba mara ya pili. Katika Kishambaa ni vivyo hivyo. Basi kijana amefuata sheria, ila ni sheria ya nyumbani. Kiingereza humtaja mtenda mara moja, kisha tendo lafuata: "Father digs". Hata Krapf, mgeni aliyefika Vuga mwaka 1848, alijifunza kwanza sheria za wenyeji, akatoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Ajuaye sarufi ya lugha yake huona upesi mahali lugha ya wageni inapoachana nayo. Asiyeijua hukosa bila kujua sababu.