Mkimbiaji hasomi gazeti barabarani

UKIPITA Iten, nchini Kenya, alfajiri, utakutana na wanariadha wakifanya mazoezi, baadhi yao wakiwa wamevaa zile saa za kisasa zinazojulikana kama saa janja. Saa hizo hupima mwendo, umbali, mapigo ya moyo na mengine chungu nzima.

Tatizo ni kwamba mtu anayekimbia hana nafasi ya kusoma. Mkono unayumba, jasho linamtiririka, jua linapiga kwenye kioo na macho yanatakiwa yawe barabarani. Anachoweza ni kutupia jicho mara moja tu. Kioo kikijaa tarakimu ndogondogo, itambidi apunguze mwendo azitafute, ama aachane nazo.

Dawa yake ni kuipanga saa kabla ya kutoka, ioneshe tarakimu moja au mbili kubwa, na itetemeke mwendo unaposhuka.

Oktoba 12, 2019, mjini Vienna, Austria, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Gari lililotangulia lilimulika mistari ya mwanga barabarani kuonesha mwendo uliotakiwa, yaani dakika 2 na sekunde 50 kwa kilomita. Hesabu ilikwishafanywa, kazi iliyobaki ilikuwa kuufuata mstari.

Kwa maoni yangu, mkulima wetu hapa Tanzania naye anastahili mstari wake. Lori la mnunuzi likiwa limesimama shambani, injini inanguruma na watoto wanadaiwa ada, naye yuko mbioni. Kumtumia kwenye simu orodha ya bei za masoko 20 ni sawa na kumpa mkimbiaji gazeti asome njiani.

Tuseme gunia la mahindi sokoni Kibaigwa ni Sh70,000. Ukitoa usafiri Sh6,000, ushuru na upakiaji Sh3,000, inabaki Sh61,000. Hiyo ndiyo tarakimu ya kukumbuka. Akiuza chini ya hapo, tofauti inaingia mfukoni mwa mwenye lori.

Wanaotoa huduma za bei kwa simu wajifunze kutuma tarakimu hiyo moja. Na wewe mkulima usiwasubiri: piga hesabu yako jioni, iandike kwa herufi kubwa mlangoni mwa ghala. Kesho lori likifika, hutakuwa na muda wa kuanza kukokotoa.