Bibi Ana Mafua: Je, Aache Dawa ya Presha?



Mwezi huu tunajibu barua ya mama wa Manyovu, wilaya ya Buhigwe, karibu na mpaka wa Burundi. Anaishi na mama mkwe wake mwenye presha, ambaye hutumia vidonge vya losartani kila siku. Bibi alishikwa na mafua na kikohozi, jirani akaja kumjulia hali na kumwonya kwamba vidonge hivyo huvifungulia mlango virusi vya kifua. Bibi akavificha chini ya godoro. Siku ya nne kichwa kilimuuma mno, wakampeleka zahanati. Presha ilikuwa 190 kwa 110. "Nimemkasirikia jirani," anaandika mama huyu, "lakini moyoni najiuliza kama hakusema kweli."

Jirani hakuyatunga maneno hayo. Mwaka 2020, COVID-19 ilipoenea, wataalamu walieleza kwamba virusi vyake huingia katika chembe hai za mwili kwa kushika kitu kiitwacho ACE2. Losartani, na pia dawa za jamii ya kaptoprili na enalaprili, hufanya kazi jirani na njia hiyo, na katika wanyama wa maabara baadhi zilionekana kukiongeza kitu hicho. Hofu ilikuwa na sababu, lakini ilibidi ipimwe kwa wagonjwa wenyewe.

Ikapimwa huko Brazil. Wagonjwa 659 waliolazwa kwa COVID isiyo kali sana, wote wakiwa tayari wanatumia dawa hizo, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakaziacha kwa siku 30, wengine wakaendelea. Matokeo yalitangazwa Septemba 2020. Walioacha hawakupata nafuu zaidi ya walioendelea, na waliofariki walikuwa karibu 3 katika kila 100 pande zote mbili. Yaani kuacha dawa hakukumwokoa mtu. Tena homa ya mafua ikiwa kali huuelemea moyo, hasa siku zile za kwanza, na huo ndio wakati mbaya kabisa wa kuiachia presha ipande.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Kaptoprili na enalaprili huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, cha kukereketa koo, kisicho na makohozi wala homa. Huku milimani, kiangazi kikileta vumbi na baridi ya asubuhi, nani atakitofautisha? Mgonjwa hunyweshwa dawa za kifua chupa baada ya chupa. Kikohozi cha namna hiyo kikizidi majuma kadhaa, mwambie mganga jina la dawa ya presha. Atapima kwanza kama si kifua kikuu, kisha anaweza kumbadilishia, mara nyingi kwa losartani hiyo hiyo ya bibi wa Manyovu.

Mimi ningeogopa zaidi vile vidonge vya dukani vya kuzibua pua. Vingi vina dawa inayopandisha presha. Diklofenaki na ibuprofeni nazo zaweza kuipandisha, na huzichosha figo. Kwa maumivu na homa, parasetamoli kwa kipimo chake yatosha, pamoja na uji na maji ya kutosha.

Lakini mgonjwa akitapika au kuharisha sana, hata mkojo ukapungua, apelekwe upesi; hapo mganga mwenyewe anaweza kuzisimamisha dawa hizi kwa siku chache. Na wewe mama, ukihisi una mimba nawe unatumia mojawapo ya dawa hizi, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Nenda ubadilishiwe, maana humdhuru mtoto tumboni.

Kuhusu vile vidonge vya chini ya godoro: vipeleke zahanati na paketi yake, mkaeleze siku ngapi bibi hakumeza. Akiambiwa aendelee, ameze kipimo chake cha kawaida tu. Asimeze viwili kwa mara moja kufidia siku zilizopita.